Uvundo ndani ya mashine ya kufulia

Harufu mbaya ya mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele haiji kwa siku moja. Mwanzoni husikika pale tu mlango unapofunguliwa asubuhi: harufu nzito ya unyevu uliofungiwa, yenye uchachu kwa mbali. Wiki chache baadaye huhamia kwenye taulo, kisha kwenye mashuka na kanga, na mwishowe hata shati lililokauka vizuri juani huanza kunuka tena mara mvaaji anapotoka jasho. Hapo ndipo familia inaposhtuka, na hapo ndipo makosa huanza. Sabuni inaongezwa, kilainishi chenye manukato kinamiminwa kwa wingi, na kwa siku mbili tatu nguo zinanukia maua. Kisha uvundo unarudi ukiwa mkali kuliko awali, kwa sababu vyote viwili vilivyoongezwa ni chakula cha kile kinachonuka.

Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Kilichomo ndani yake ni uchafu wenye uhai, uliopata maji, giza, chakula na joto la wastani. Ukisuguliwa ukatoka, na mashine ikasafishwa kwa maji ya moto na kuachwa ikauke, harufu huisha.

Kujua uchafu huo unakaa wapi kunahitaji kuitazama mashine kwa ndani. Pipa la chuma cha pua lenye matundu, lile linaloonekana mlango ukifunguliwa, limezungukwa na pipa jingine la plastiki ambalo mtumiaji halioni kamwe, na maji ya kufulia hukaa kati ya mapipa hayo mawili. Nyuma ya pipa la chuma kuna kishikizo cha aluminiamu chenye miguu mitatu, kinacholiunganisha na ekseli. Kimejaa mbavu na mifuko, na hakuna mkono wa mtu unaokifikia bila mashine kufunguliwa. Chini kabisa kuna mpira mfupi unaopeleka maji kwenye chujio na pampu. Pampu haiwezi kuyamaliza maji yote. Kila baada ya kufua kiasi fulani hubaki chini, kikiwa na nyuzi, mchanga, nywele na mabaki ya sabuni. Mbele, kwenye mlango, kuna raba nene ya kijivu yenye mikunjo inayozuia maji yasimwagike. Mlango ukifungwa, raba hiyo huziba kiasi kwamba hata hewa haipiti.

Mashine ya kupakia nguo kwa juu haina shida hii kwa kiwango hicho. Kifuniko chake hukaa tu juu, mvuke hutoka, na maji yake ni mengi. Mashine za juu za mtindo wa zamani hutumia zaidi ya lita 100 kwa mzunguko mmoja, ilhali ya mlango wa mbele hutosheka na lita 40 hadi 60 hivi. Kwa nyumba inayonunua maji ya boza, uokoaji huo ni neema kubwa, na hakuna sababu ya kuujutia. Ila maji machache yana sharti lake: hayawezi kusuuza sabuni iliyotiwa kupita kiasi. Inayobaki hugandia pale ambapo maji hayapiti kwa nguvu, yaani nyuma ya pipa, ndani ya mikunjo ya raba na kwenye kuta za droo ya sabuni.

Malalamiko haya yamefika mbali. Nchini Marekani, ambako mashine za mlango wa mbele zilienea sana baada ya mwaka 2000, wamiliki walifungua kesi za pamoja wakidai kwamba muundo wake wenyewe unazalisha ukungu. Katika kesi moja iliyosikilizwa Cleveland, Ohio, jopo la raia liliamua mwezi Oktoba 2014 kwamba kampuni ya Whirlpool, iliyotengeneza mashine hizo, haikuwajibika. Hata hivyo, nyumba nyingi zilikuwa zimeishi na harufu hiyo kwa miaka.

Kinachonuka ni kazi ya bakteria na kuvu. Wanapotua kwenye plastiki au raba yenye unyevu hujitengenezea utando wa ute, sawa na ule unaoteleza juu ya meno kabla ya kupiga mswaki, na ndani ya utando huo maji ya baridi yenye sabuni hayawadhuru sana. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2012 kwamba harufu ya uvundo ya nguo zilizofuliwa inatokana hasa na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayeishi kwenye ngozi ya binadamu na sehemu nyingi za nyumba. Hula mafuta na jasho lililobaki kwenye kitambaa, kisha hutoa asidi yenye harufu. Bakteria huyu hustahimili ukavu na hata mionzi ya jua kuliko wenzake wengi, na ndiyo maana nguo iliyokaushwa vyema inaweza kunuka mara tu inapolowa jasho. Doa jeusi linaloonekana kwenye raba ni kuvu. Ute wa waridi au wa kahawia ulio chini ya droo ni mchanganyiko wa bakteria na aina za hamira pori.

Sehemu kubwa ya tatizo inaanzia dukani, kwenye rafu ya sabuni. Sabuni nyingi za unga zinazouzwa Afrika Mashariki zimetengenezwa kwa ajili ya kufua kwa mikono, na mnunuzi aliyekulia kwenye beseni huipima sabuni kwa wingi wa povu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu ni adui. Mashine hii husafisha kwa kuinua nguo na kuziangusha kwenye maji. Povu likijaa, nguo huanguka juu ya mto laini na uchafu hautoki. Povu hupanda pia hadi juu ya pipa la plastiki, mahali ambapo maji ya kusuuza hayafiki, likakaukia huko. Sabuni ya mashine hutoa povu dogo kwa makusudi, na kwenye pakiti huandikwa waziwazi kuwa ni ya mashine. Hata hiyo hutiwa nyingi mno: kwa nguo za kawaida na maji laini, vijiko viwili vya chakula vya sabuni nzito ya mashine hutosha. Maji ya chumvi ya kisima, kama yale ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa, huhitaji zaidi kidogo, kwa kuwa madini yake hudhoofisha sabuni. Sabuni ya kipande iliyoparuzwa ikatiwa mashineni haifai kabisa penye maji ya namna hiyo, maana hugeuka ukoko mweupe unaonata.

Tofauti kati ya sabuni ya unga na ya maji nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Sabuni nyingi za unga za mashine, zile za nguo nyeupe hasa, huwa na pakaboneti ya sodiamu, ambayo ikikutana na maji ya moto hutoa oksijeni inayong'arisha na kuua vijidudu. Sabuni za maji hazina kiambato hicho, kwa sababu hakiwezi kudumu ndani ya maji. Nyumba inayotumia sabuni ya maji peke yake, kwa maji ya baridi peke yake, miezi nenda miezi rudi, haijawahi kuwapa vijidudu sababu ya kuondoka. Kilainishi ni kibaya zaidi. Kazi yake ni kuacha tabaka jembamba la mafuta juu ya nyuzi ili nguo iwe laini, na tabaka hilohilo hubaki kwenye droo, kwenye mipira na kwenye pipa. Taulo zinazotiwa kilainishi kila mara hushindwa hata kunyonya maji. Kinaweza kuachwa kabisa na nguo zisidhurike.

Halafu kuna suala la joto. Wengi hufua kwa maji ya baridi wakihofia luku, na hofu hiyo ina msingi, kwani hita ya mashine huvuta wati 2,000 hivi. Lakini huvuta kiasi hicho kwa muda mfupi tu. Kupasha maji ya mzunguko mmoja hadi nyuzi 60 hugharimu takriban yuniti moja ya umeme, na mzunguko wa nyuzi 90 yuniti moja na nusu hadi mbili. Kufua taulo, mashuka na nguo za ndani kwa nyuzi 60 mara moja kwa wiki ni matumizi ambayo familia nyingi zilizomudu mashine zinaweza kuyabeba, na hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo kwa bei nafuu zaidi. Nguo nyingine zinaweza kuendelea na maji ya baridi.

Hali ya hewa inaongeza uzito wake. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, hewa yenyewe imelowa, na wakati wa masika raba ya mlango haikauki hata ikiachwa wazi usiku kucha. Mashine nyingi huwekwa bafuni au kwenye kibaraza cha nyuma kisicho na upepo. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, nguo hubaki zimezama kwenye maji ya sabuni, na ikipita nusu siku zimeshavunda. Katika hali hiyo ni heri kuyatoa maji kwa mpira mdogo ulio pembeni mwa chujio, kuzitoa nguo mlango ukikubali kufunguka, na kuzisuuza kwa mikono.

Kabla ya kusafisha chochote ni vizuri kuibaini harufu, kwani si kila uvundo unatoka ndani ya mashine. Harufu ya ukungu na uchachu ni ya utando uliokwisha elezwa. Harufu ya mayai yaliyooza, inayokuja zaidi mashine ikiwa imekaa bila kutumika, mara nyingi ni gesi ya chemba inayopanda kupitia mpira wa kutolea maji. Hapa kosa ni la ufungaji. Bomba la maji machafu linatakiwa kuwa na kile mafundi bomba wanachokiita trapu, yaani kona inayobaki na maji ili kuzuia gesi, na mpira wa mashine unatakiwa kupanda hadi mwinuko wa sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni kabla ya kuingia kwenye bomba. Nyumba nyingi zimeutupa mpira huo sakafuni kuelekea tundu la bafu. Ukiwa chini hivyo, maji huweza kujinyonya yenyewe yatoke wakati mashine bado inafua, na ncha yake inayolala kwenye maji machafu huwa njia ya uvundo na mende. Harufu ya raba au waya unaoungua ni jambo jingine kabisa: swichi izimwe, plagi ichomolewe, na fundi aitwe.

Usafi wenyewe huanzia kwenye raba, plagi ikiwa imechomolewa. Mkunjo wa mbele unavutwa kwa vidole hadi shimo lake lionekane, hasa upande wa chini, ambako kuna matundu madogo ya kupitisha maji. Humo hupatikana sarafu, vibanio vya nywele, karatasi ya shashi iliyooza, soksi ya mtoto na donge jeusi la nyuzi zilizochanganyika na nywele. Yote yatolewe kwa mkono wenye glavu. Kisha raba ifutwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ndani na nje ya kila mkunjo, na kioo cha mlango kifutwe pia pale kinapogusana na raba. Madoa meusi yanayobaki hufunikwa kwa tambara lililochovywa kwenye dawa ya klorini, ile wengi wanayoiita jiki, iliyozimuliwa kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi. Dakika 15 zinatosha, kisha raba isuuzwe vizuri. Doa lililozama ndani ya raba halitoki tena, lakini likisafishwa halinuki. Raba iliyochanika au kuwa na ulimbo usioondoka hubadilishwa.

Droo ya sabuni hutoka nzima, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe kidogo kilicho katikati yake huku ikivutwa. Iloweshwe kwenye beseni la maji ya moto na kusuguliwa kwa mswaki mkuukuu, pamoja na kile kifuniko kidogo cha sehemu ya kilainishi ambacho huficha ute mzito kuliko wote. Wengi huishia hapo. Inafaa kuinama na kumulika kwa tochi ya simu ndani ya tundu lenyewe la droo: juu, kwenye dari lake lenye vitundu vinavyonyunyiza maji, mara nyingi kuna ukungu mweusi unaodondoka kila mara mashine inapofua. Mswaki wenye mpini mrefu unafika huko.

Chujio la pampu liko chini upande wa mbele, nyuma ya kimlango kidogo. Maji yatatoka, kwa hiyo sinia bapa na taulo kuukuu viwekwe kwanza, na mashine isiwe imetoka kufua kwa maji ya moto. Penye mpira mdogo wa dharura, maji huanza kutolewa kupitia huo. Kisha chujio hufunguliwa polepole kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Harufu inayotoka hapo huwashangaza wanaoifungua mara ya kwanza baada ya miaka, kwani maji hayo yamekaa gizani bila hewa yakioza. Chujio lisuguliwe, nyumba yake ifutwe, na kidole kihakikishe kwamba feni ndogo ya pampu iliyo ndani haijafungwa na uzi au nywele. Likirudishwa likazwe sawasawa, la sivyo bafu zima litalowa.

Baada ya hayo ndipo mzunguko mtupu wa moto unapoleta faida. Mashine haitiwi nguo hata moja. Programu ya kusafisha pipa huchaguliwa kama ipo. Kama haipo, programu ya pamba ya nyuzi 90. Sabuni ya unga ya mashine yenye pakaboneti huwekwa moja kwa moja kwenye pipa, kiasi cha kufulia mzigo mmoja mzima. Kwa mashine iliyotelekezwa, vipande vya kahawia au vyeusi kama karatasi iliyoungua vitaonekana vikielea nyuma ya kioo. Hiyo ni dalili njema, utando unabanduka. Mzunguko urudiwe hadi maji yawe safi, na chujio lifunguliwe tena kwani baadhi ya vipande hivyo huishia humo. Dawa ya klorini haifai kwenye maji ya moto hivyo, huharibika haraka na ni kali kwa chuma na aluminiamu. Anayependelea kuitumia aisome kwanza karatasi ya maelekezo ya mashine yake na kutumia maji ya baridi au vuguvugu.

Jambo moja halina mjadala. Klorini isichanganywe kamwe na siki, maji ya ndimu, asidi ya limau au dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha hujaa kwa muda mfupi sana. Isichanganywe na amonia pia. Siki yenyewe inasifiwa kupita uwezo wake: huyeyusha chokaa, lakini ikitumika kila wiki huchosha raba, na ikichanganywa na magadi soda viwili hivyo huuana. Povu lake linapendeza macho tu; kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Penye maji ya kisima, ambako hita hujenga ukoko wa chokaa, asidi ya limau ya unga ina kazi yake, peke yake, siku tofauti na siku ya klorini.

Mashine ikishasafishwa, kuitunza ni kazi ya dakika mbili. Nguo zitolewe mara tu zinapomaliza kuzungushwa. Anayefua usiku na kulala huziandaa nguo zake kunuka. Mkunjo wa raba ufutwe kwa kitambaa kikavu, mlango uachwe wazi kidogo na droo ivutwe nje. Nyumba yenye watoto wadogo inahitaji uangalifu hapa, kwani mtoto anaweza kuingia kwenye pipa na kujifungia: mlango uachwe kwa upenyo mdogo uliozuiwa kwa kifaa, au mlango wa chumba chenyewe ufungwe. Nguo zisishindiliwe, kiganja kilichosimama kinapaswa kupita kati ya nguo na dari la pipa. Mzunguko mtupu wa moto mara moja kwa mwezi na chujio kila baada ya miezi miwili au mitatu hutosha kwa nyumba ya kawaida. Pwani, wakati wa masika, kulifungua mara nyingi zaidi hakupotezi kitu.

Nguo zilizokwisha shika harufu hazitapona kwa sababu tu mashine imepona. Za pamba zifuliwe kwa nyuzi 60 zikiwa na pakaboneti bila kilainishi, au ziloweshwe kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni hiyo kwa saa kadhaa kabla ya kufuliwa. Kanga na vitenge vinavyochuja rangi vijaribiwe kwanza kwenye pindo. Jezi na nguo za mazoezi za poliesta ndizo sugu zaidi, kwa kuwa nyuzi zake hushika mafuta ya mwili kuliko pamba. Hizo ziloweshwe kwenye maji ya vuguvugu kwa muda mrefu na zianikwe penye upepo.

Ikiwa harufu itaendelea baada ya mizunguko mitatu au minne ya moto, na bomba limethibitika kuwa sawa, basi uchafu umejaa nyuma ya pipa mahali ambapo maji pekee hayauondoi. Hapo fundi hulifungua pipa la plastiki na kulisafisha pamoja na kile kishikizo cha aluminiamu. Baadhi ya mashine pipa lake limeunganishwa kwa kuyeyushwa, halifunguki bila kukatwa, na swali hilo liulizwe kabla ya malipo yoyote. Kishikizo nacho kikaguliwe vizuri: mabaki ya sabuni yaliyokaa miaka hula aluminiamu, na kikiwa na ufa, pipa huyumba na kugonga wakati wa kukamua. Mashine yenye mlio huo isitumike hadi kishikizo kibadilishwe. Pale ambapo bei ya kishikizo na ufundi inakaribia nusu ya bei ya mashine mpya, ni afadhali fedha hizo ziende kwenye mashine mpya, ambayo itasafishwa kwa maji ya moto na kuachwa wazi tangu wiki ya kwanza.